Mtoto wa Kuwekwa Masieda

Mpendwa mama,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini ulinifunza adabu kwa fimbo, na mkono wangu unakataa kuandika neno lingine kabla ya hilo. Ni mchana, mgahawa hauna watu, mvua imepumzika kidogo. Nakuandikia kwa sababu ninaogopa, mama, na hapa nyumbani wameshachoka kunisikia nikisema ninaogopa.

Wewe ulikuwa unauchukulia mlima Hanang kama jirani mwenye heshima zake. Ukitoka nje asubuhi ulikuwa unautazama kwanza, na ukiona umejifunika wingu unasema leo tusianike mahindi. Basi, hayo ndiyo yalikuwa maneno yenu wawili. Miaka miwili baada ya kukuzika, Jumapili moja asubuhi, mlima uliachia tope. Lilishuka na miti mizima na mawe makubwa kuliko ng'ombe, likapita Jorodom, likaingia mjini Katesh kwenye maduka na kwenye nyumba za watu. Nyumba ya Fabiano ilikuwa njiani. Kaka yangu Fabiano, mwanao wa kwanza, tulimpata siku ya pili yake. Nadhani huko mliko ameshakusimulia, nami sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Sisi nyumba yetu haikuguswa. Iko upande wa pili wa mji, karibu na barabara ya lami, na mume wangu anasema tope haliwezi kufika huku. Anasema kwa sauti ya mwalimu, akichora chini kwa kijiti, korongo hili hapa, mteremko huu hapa. Ninamsikiliza, ninakubali, halafu bati likianza kupigwa na matone ninaacha nilichoshika ninawaita watoto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mvua zimeanza tena tangu wiki iliyopita, na tangu zianze viatu vya watoto vinakaa mlangoni, vidole vimeelekea nje, ili mtu akivivaa awe ameshaanza kukimbia. Watoto wananicheka. Emanueli, wa miaka saba, majuzi aliweka hata viatu vya kuku, yaani alipanga magunzi mawili mawili pale mlangoni akaniambia hivi ni vya jogoo. Nilicheka, halafu nikaenda jikoni nikalia.

Na bado kazi yangu, mama, ni kuusifia huo mlima. Unakumbuka lile banda ulilokuwa unauzia maziwa mgando? Sasa ni mgahawa, na nyuma yake nina vyumba vitatu vya wageni. Wanakuja wanaopanda mlima, wengine Wazungu, lakini siku hizi zaidi ni vijana wetu kutoka Arusha na Dar es Salaam, wanashuka kwenye gari wanapiga picha kabla hata hawajasalimia. Nikishawapa chai wananiuliza, mama, huu mji ulianzaje? Hapo ndipo ninapokuibia. Historia yote ninayowapa ni yako, na sijawahi kukutaja.

Ninawaambia ulivyonisimulia tukipura maharage: kwamba ulipoletwa hapa kuolewa kulikuwa na mstari mmoja wa maduka na vumbi. Kwamba Wadatoga walikuwa wa kwanza kuchunga huku, na sisi Wairaqw tulishuka kutoka Mbulu tukitafuta ardhi, kwanza wachache, halafu ukoo kwa ukoo. Kwamba watu walitoka mbali kufuata chumvi ya ziwa Balangida, wanaikwangua chini wakati wa kiangazi, wanaibeba kwa punda. Ninawaambia habari za mashamba makubwa ya ngano, na baba aliyekuwa anaendesha mashine ya kuvunia, anarudi nyumbani na makapi kwenye nyusi na watoto wanamkimbia. Halafu ikawa wilaya, wakaja watumishi na masanduku yao ya bati, halafu ikaja lami, na basi la Singida likaacha kukwama siku tatu pale darajani. Wewe ulisikitika lami ilipokuja. Ulisema, "Sasa watu watapita, hawatakwama wakanywa maziwa."

Mgeni akishasikia hayo ninamwelekeza mnadani. Hapo sihitaji kudanganya. Nani asiyependa mnada wa Katesh? Nyama inachomwa tangu asubuhi, vitunguu swaumu vya Mbulu vimemwagwa chini kwenye maturubai, wazee wa Kidatoga wamesimama na fimbo zao wakimtazama ng'ombe mmoja nusu saa bila kusema neno, na mashine za alizeti zinanukisha mji wote. Asubuhi baridi inakufanya ushike kikombe kwa mikono miwili. Mume wangu mwenyewe alikuja kwa barua ya kupangiwa kazi. Ni mtu wa Kigoma, amezoea joto na dagaa, na wiki ya kwanza alilala na koti akaandika barua ya kuomba uhamisho. Sasa ni mwaka wa kumi na saba. Ukiusema vibaya mji huu mbele yake atakubishia mpaka chai ipoe, kuliko hata mimi niliyezaliwa hapa.

Lakini swali la mwisho la wageni huwa ni moja. "Mlima ni salama?" Nami ninawajibu, huku ninafuta meza, "Ni salama kabisa, karibuni tena." Ninasema hivyo na viatu vya wanangu vimepangwa mlangoni. Ninajiona mnafiki, mama. Nikiwaambia ukweli nitafunga mgahawa, na watoto watakula nini?

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichukue kalamu.

Unajua desturi yetu ya kuweka ng'ombe. Wewe ulikuwa fundi wake. Ulikuwa na ng'ombe saba lakini zizini kwako walilala watatu tu. Mmoja ulimweka kwa rafiki yako wa kule Gitting, mwingine kwa mama mdogo kijijini Masieda, wengine sijui kwa nani. Anayekaa naye anakunywa maziwa, ndama ni wako. Mtu akikuuliza kwa nini unatawanya mali, ulikuwa unasema ugonjwa ukiingia zizi moja usikute wote. Ilikuwa akili nzuri. Tatizo ni kwamba ulinifanyia na mimi.

Nilikuwa na miaka saba. Msimu ule wa mvua homa iliwachukua wadogo zetu wawili, tukabaki mimi na Fabiano aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Baba alikuwa huko mashambani kwenye ngano. Asubuhi moja ukanivalisha gauni la kanisani, ukanishika mkono, tukapanda lori mpaka Haydom, halafu miguu mpaka kwa mdogo wako Masieda. Uliniambia, "Mpaka mvua iishe." Mvua iliisha, ikaja nyingine. Nilikaa miaka minane.

Mama mdogo hakunitesa, nisije nikamsingizia. Alinipenda kwa mtindo wake wa kufoka. Lakini nilikuwa ninakwenda kusimama barabarani siku ulizosema utakuja, na ulipokuja ulileta chumvi, ukauliza kama ninakula, ukampa mama mdogo salamu za Fabiano badala ya kunipa mimi. Siku moja nilikuuliza kwa nini ulinileta mimi na siyo yeye. Ulinitazama, ukasema, "Kula, chakula kinapoa." Shuleni nilikuwa ninawaambia wenzangu mimi ni ng'ombe wa kuwekwa. Walicheka, nami nilicheka nao, nikaingia chooni nikakaa huko mpaka kengele.

Nilirudi Katesh mkubwa, nikaolewa, nikakuuguza mpaka mwisho wako. Watu walinisifu msibani kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Machozi hayakuja, mama. Nilikaa pale kwenye mkeka nikifikiri, huyu ndiye aliyetazama watoto wawili akaamua yupi anaweza kuishi bila yeye. Nimekubeba hivyo miaka yote hii. Nilijiapiza kwamba wanangu hawatatengana hata kwa wiki moja.

Sasa sikia kiapo kilivyokwisha. Jumatano mvua ilinyesha tangu asubuhi mpaka watoto wakashindwa kutoka shuleni. Nilisimama mlangoni nikitazama wingu mahali ambapo mlima unatakiwa kuwa, na nikajisikia nikisema kwa sauti, wasiwe zizi moja. Maneno yako, kinywani kwangu. Nilishtuka nikageuka kuona kama kuna aliyesikia. Mume wangu alikuwa ameketi anasahihisha madaftari. Alishusha kalamu akasema, "Unataka kumfanyia mtoto ulichofanyiwa wewe?" Yeye anasema tope halifiki huku. Hata Fabiano alisema hivyo.

Ijumaa mchana nikampigia mama mdogo. Ana miaka mingi sasa, masikio yamekufa, kwa hiyo ukimpigia ni lazima uweke spika na upige kelele. Nilikuwa hapa hapa mgahawani. Binti yangu Paskalina, wa miaka kumi na miwili, alikuwa nyuma ya kaunta anamenya viazi. Nikamwomba mama mdogo anipokelee watoto mpaka mvua ziishe.

"Wangapi?"

"Wawili."

"Wawili siwawezi, mwanangu. Miguu yangu imekwisha, kisima kiko mbali. Niletee mmoja."

Nikaitazama simu. Akafikiri simu imekatika, akaanza kuita, "Halo, halo." Nikamwambia nipo. Nikamwambia nitachaguaje, na kwa kuwa hasira ya miaka thelathini ilikuwa tayari mdomoni, nikaongeza kwamba labda ningekuuliza wewe, maana wewe uliweza kuchagua bila shida.

Mama mdogo akasema kwa ile sauti yake ya kufoka, "Nani amekwambia alichagua? Dada yangu alishindwa. Alikuja hapa na wewe akakaa siku mbili hali chakula. Aliniambia alijaribu usiku kucha, ameketi karibu nanyi mmelala, akimtaja huyu moyo unakataa, akimtaja huyu unakataa. Mwisho akasema kwa sauti, basi, atakayeamka wa kwanza ndiye nitakayempeleka. Ukaamka wewe."

Nilikaa chini kwenye kreti la soda. Aliendelea kuongea habari za kuku wake, sikumsikia. Hukunichagua, mama. Hukuniona mwepesi wa kuachwa. Niliamka tu, mtoto wa miaka saba anayetaka kukojoa, na maisha yangu yakageukia hapo. Nilikuwa ninakudai jibu miaka yote, na jibu lenyewe ni kwamba ulikuwa unaogopa kama mimi ninavyoogopa sasa. Nikalia yale machozi ya msiba wako, pale mbele ya viazi. Paskalina akaniletea maji, akasimama, hakuuliza kitu. Nilidhani hakuelewa.

Sikuwaambia watoto lolote. Nilifungasha begi moja, na mume wangu alipolifungua akakuta mna kaptura za Emanueli na sketi za Paskalina zimechanganyika. Akalifunga, akaniambia, "Mama Paskalina, pumzika." Emanueli ni mdogo, hawezi kukimbia, kwa hiyo aende yeye. Lakini Paskalina ni msichana, akibaki na likitokea la kutokea ataanza kutafuta wengine kabla ya kujiokoa, ninamjua, kwa hiyo aende yeye. Nilizunguka hivyo mpaka kichwa kikauma.

Jumamosi asubuhi, ninaona aibu kukuandikia hili, nilijikuta nimekaa jikoni mbele ya jiko ambalo sijaliwasha, ninasikiliza mlango wa chumba cha watoto. Sikuwa nimepanga. Lakini nilikuwa ninasikiliza, mama, na nilijua ninasikiliza nini.

Paskalina ndiye anayeamka wa kwanza nyumba hii. Saa kumi na mbili kamili ameshawasha mkaa, ameshafagia, ananikuta mimi ndiyo kwanza ninatafuta kanga. Saa kumi na mbili ikapita. Ikafika kumi na mbili na nusu. Mlango ukafunguka, akatoka Emanueli anapikicha macho, akauliza kama chai ipo.

Nikaingia chumbani. Paskalina alikuwa amelala chali, blanketi mpaka kidevuni, mikono imenyooka ubavuni. Macho ameyafumba kwa nguvu mpaka kope zinatetemeka. Mtoto aliyelala halali hivyo.

"Paskalina."

Kope zikatetemeka zaidi.

"Paskalina, kumekucha."

"Bado nimelala, mama," akasema. Machozi yalikuwa yanatelemka kuelekea masikioni, na macho hakuyafumbua.

Alikuwa amesikia simu yote. Alijua atakayeamka wa kwanza ndiye atakayeondoka kwenye mlima, na alikuwa anampisha mdogo wake. Nilipanda kitandani na matope yangu miguuni nikamkumbatia, akaendelea kung'ang'ania kwamba amelala.

Tuliondoka wote watatu. Nilimwachia mume wangu wageni wawili na sufuria ya maharage, nikawapandisha watoto kwenye kosta ya Haydom, halafu bodaboda mbili mpaka Masieda. Mama mdogo alitoka na fimbo yake akatutazama. "Nilisema mmoja." Nikapiga goti, nikamwamkia, nikamwambia nimeshindwa, kisima nitamtafutia mtu wa kuchota. Akafoka, akaingia ndani, nikasikia anatandika kitanda cha pili. Nimevunja desturi yako, mama. Nimeweka wote zizi moja, na Masieda nako kuna homa na kuna korongo. Hofu haijaisha, imehamia huko na nyingine imebaki hapa na mimi.

Lakini hilo silo lililonitoa machozi njia nzima ya kurudi. Ndani ya kosta nilimkumbuka Fabiano. Kaka yangu huyu alikuwa anakamua kabla jogoo hajawika, hata akiwa na homa, hata siku tuliyowazika wadogo zetu. Ila asubuhi ile uliyonivalisha gauni, Fabiano alikuwa amelala. Ndama walikuwa wanalia nje, na yeye amelala. Niliruka miguu yake kwenda mlangoni. Alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, na mimi niliondoka na kinyongo kwamba hata kuamka kuniaga hakutaka. Nilikaa na kinyongo hicho mpaka alipokufa, na hakuwahi kunieleza lolote.

Mama, ulimfunua shuka ukamwangalia usoni?

Mvua imeanza tena sasa hivi, ninaisikia kwenye bati, na kuna mgeni anaingia anakung'uta koti. Ataniuliza kama mlima ni salama, na leo sijui nitamjibu nini. Kama mko pamoja huko, mwambie Fabiano nimejua. Mwambie mdogo wake alichelewa sana, lakini amejua.

Ni mimi mwanao, niliyeamka wa kwanza.